Chupa Tano za Ukungu

Mwanaume anaweza kukudanganya kwa macho, kwa simu, hata kwa machozi. Wa kwangu alinidanganya kwa maji, akasahau kwamba mimi nalipwa kupima maji.

Ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi. Nilikuwa nimekaa mbele ya mashine yetu ya maabara, lile dude linalojaza nusu ya chumba na kuvuma kutwa nzima, nikisubiri namba zitoke. Nilikuwa na ile furaha ya kijinga ya mwanamke mwenye mchumba. Hata wimbo nilikuwa naimba, na mimi sauti sina.

Ngoja niieleze kazi yenyewe kidogo, maana bila hivyo utaniona mwendawazimu kwa nilichofanya siku ile. Juu mlimani tuna kituo kidogo. Kileleni tumetundika nyavu, ukungu ukipita unaacha matone, na matone yanashuka kwenye chupa. Chupa zinaletwa kwangu, nami napima naitrojeni iliyomo. Naitrojeni iko ya aina mbili, nyepesi na nzito, na ukijua uwiano wake unajua ilikotoka. Moshi wa magari una uwiano wake, mbolea ya dukani ina wake, samadi na vyoo vina wake. Na ukungu wa leo haufanani na wa jana, kwa sababu upepo wa leo umepita kwingine.

Chupa za mwezi ule zilikuwa kumi na mbili. Saba zilileta namba za kawaida za ukungu, nyingine chini ya sifuri, maana sifuri yetu ni hewa ya kawaida, nyingine juu kidogo. Tano zikaleta karibu namba ileile. Kumi na nne nukta mbili. Kumi na nne nukta moja. Kumi na nne nukta mbili tena. Nikafikiri mashine imechoka, nikazirudia zote tano tangu mwanzo. Zikatoka vilevile. Juu ya hapo, naitreti yake, ile naitrojeni iliyoyeyuka majini, ilikuwa mara arobaini ya ile ya chupa nyingine.

Ukungu hauna kumi na nne. Hiyo ni namba ya zizini.

Aliyejaza chupa zile ni mlinzi wa kituo, kijana mrefu mwenye aibu ambaye ofisi nzima inamwita Mawingu. Ndiye mchumba wangu. Miezi minane alikuwa akiziteremsha chupa mwenyewe kila baada ya wiki mbili, anasimama pale mlangoni na boksi lake kifuani, ananitazama mpaka nasahau nilikuwa nahesabu nini. Mwezi ule hakuja hata mara moja. Alizituma na lori la mboga, akasema ana kazi nyingi. Nami nikaamini, mjinga mimi.

Nikachukua chupa moja ya zile tano, nikasoma lebo. Mwandiko wake mzuri, uliolala upande: saa kumi na mbili asubuhi, ukungu mzito, mikono imekufa ganzi. Hiyo ganzi ndiyo iliyoniuma zaidi. Mtu hajapanda mlima, amekaa kwao kwenye joto, na bado ananitafutia huruma.

Nikampigia dada yangu. Dada alikuwa hampendi Mawingu tangu mwanzo, akisema mwanaume anayekutambulisha kwao mara moja tu, na kwa haraka vile, ana jambo. Nilimweleza yote. Akasema njia ya mwongo ni fupi, na kama mtu haendi kileleni asubuhi basi ujue kuna mtu anayemzuia kitandani. Akanishauri nisipande. Akasema nisaini tu taarifa yangu kesho yake, niandike ukweli, afukuzwe, na mimi nipate usingizi.

Taarifa ilitakiwa kwa mkuu wa maabara Jumatano saa tatu. Nikitia saini chupa zile, nimekuwa mwongo kama yeye. Nikizitaja, Mawingu hana kazi, na nyumba ile ya kituo anayokaa na mama yake wanatoka. Nikazifunga chupa tano kwenye begi, nikaomba gari la ofisi, nikasema nakwenda kukagua nyavu.

Njiani nilimfikiria mama yake. Nilikutana naye siku moja tu, akanitazama kuanzia viatu, akaniuliza kazi yangu. Nikamweleza kwa ufahari. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akamgeukia mwanawe, akamwambia kana kwamba mimi sipo: mwanamke anayepima kila kitu atampima na mume. Tangu siku hiyo habari ya ndoa yetu ikawa inazungukazunguka kama kuku aliyekosa pa kutagia. Mawingu alikuwa akiniambia nivumilie, mama atalegea.

Nilipofika nusu ya mlima ukungu ulishuka. Si ule wa kupendeza wa picha za ukutani. Ulikuja mzito, ukafuta barabara, ukafuta miti, nikawa naona kofia ya injini na basi. Niliwasha taa saa sita mchana. Mahali pa kugeukia nilipita bila kupaona, nikarudi nyuma taratibu nikiwa nimetoa kichwa dirishani, nasikiliza. Nilisikia ng'ombe. Nikafuata sauti ya ng'ombe mpaka nikakaribia kugonga kamba ya nguo.

Kwenye kamba kulikuwa na nepi. Nilizihesabu, ndiyo tabia yangu. Zilikuwa kumi na moja.

Nilikaa ndani ya gari nimeshika usukani. Sikulia. Nikakumbuka maneno ya dada kuhusu kitanda, nikamchukia dada kwa kuwa na akili. Kwa hiyo ana mke. Ana mke na mtoto mchanga, na mimi nina pete ya fedha kidoleni na lebo za ganzi.

Mawingu alitoka aliposikia nikifunga mlango wa gari. Alikuwa amekonda. Macho mekundu, ndevu za siku nne, na begani kitambaa chenye madoa ya maziwa. Aliponiona alisimama palepale kwenye ngazi. Sura yake ilifurahi kwanza, nakiri niliona, halafu ikaogopa.

"Mtoto ni wa nani?" nikamwuliza.

"Ingia ndani, kuna baridi."

"Nimeuliza mtoto ni wa nani."

Alitazama nyuma yake, mlangoni, akashuka ngazi mpaka tukawa hatua moja. Akanong'ona.

"Ni mpwa wangu. Wa mdogo wangu, yule anayesomea ualimu."

Nilimwambia aendelee, na aendelee haraka. Akasimulia. Mdogo wake alirudi likizo akiwa mzito, aliyempa mimba kaingia mitini. Alijifungua hapohapo nyumbani wiki saba zilizopita. Mtoto alipotimiza wiki nne, mama yao akamfungasha binti akarudi chuoni kabla mitihani haijampita, akabaki na mjukuu. Mtoto anakesha, mama magoti yanamsumbua, kwa hiyo zamu ya usiku ni ya mjomba. Na mama alimwapisha mwanawe asimwambie mtu mpaka binti amalize chuo. Hasa mimi. Alisema siri ikifika kwangu imefika kwa dada yangu, na ikifika kwa dada yangu imefika sokoni.

Hapo sikuweza kumbishia. Dada yangu ni dada yangu.

Nikafungua begi, nikapanga chupa tano kwenye ngazi.

"Na hizi? Saa kumi na mbili asubuhi, mikono imekufa ganzi. Ulikuwa kileleni?"

"Nilikuwa kileleni."

"Mawingu."

Alizitazama. Akakaa kwenye ngazi kando yazo, akafunika uso kwa viganja.

"Tangini," alisema. "Zote tano. Kupanda na kushuka ni saa tatu, nami usiku sijalala. Nikasema maji ni maji, utajuaje."

Aibu kusema, lakini nilifurahi. Nilitoka mjini nimebeba mke wake kichwani, nikakuta mjomba mwenye usingizi. Nikaanza kucheka, nikashindwa kujizuia, naye akainua uso ananiangalia kama mtu aliyesamehewa kabla ya kuomba. Nilikaa karibu yake. Nilimweleza kwamba nitasema ukweli kwa mkuu, kwamba huenda atafukuzwa, na kwamba akinidanganya tena, hata kuhusu bei ya nyanya, pete yake ataikuta kwenye lori la mboga. Alinishika mkono. Vidole vyake vilinuka maziwa ya kopo. Alinitazama kwa yale macho ya mlangoni pa maabara, akaniambia amenikumbuka mpaka amekuwa akiongea na nyavu. Nikaegemeza kichwa begani kwake, juu ya madoa. Nilimpenda sana dakika ile, na siku ile haikunipa nyingine ya namna hiyo.

Sauti ya mama yake ikatoka jikoni. Alimwita mwanawe aje amjaribu mtoto yeye, maana amekataa tena chupa, ananyonya mara mbili anachoka. Akasema leo amelala tu, hajalia hata kidogo.

Niliingia nikamwamkia. Aliitikia marahaba yake bila kugeuka. Alikuwa kwenye jiko, mbele ya sufuria kubwa, akimimina maji kwenye chupa ya kunyonyea kwa uangalifu wa mtu anayepima dawa. Mawingu alimwambia kwamba nimeshajua habari ya mtoto. Mgongo wa mama ulikaza. Hakumgombeza. Aliendelea kumimina, akaanza kuongea na sufuria, kwamba wengine huja kuchungulia wakidhani mtoto analelewa ovyo, lakini yeye amelea watano na maji ya mtoto hachezei. Anayachemsha tangu alfajiri mpaka yabaki nusu, anaongeza mengine humohumo, anachemsha tena, mpaka kila kidudu kife.

Ndani ya sufuria, pembeni, palikuwa na ukoko mweupe.

"Ni maji ya wapi, mama?" nikauliza.

"Ya tangini. Ya wapi tena."

Pale nje nilikuwa nimeshughulika na moyo wangu, nikaisahau namba. Kumi na nne nukta mbili. Mara arobaini. Nikamgeukia Mawingu, nikamwuliza tangi gani. Akajibu kwamba la bati lililokuwa juu lilipasuka mwezi uliopita, kwa hiyo wamefungua lile la zamani la saruji, lililofukiwa chini. Liko nyuma. Nyuma wapi? Nyuma ya zizi.

Sikungoja ruhusa. Nilimchukua mtoto kutoka kwenye kikapu, nikampeleka dirishani. Alikuwa wa kiume, mdogo, mzuri, na mtulivu kupita kiasi. Midomo yake ilikuwa na rangi ya jivu. Nilimfungua kinywa kwa kidole, fizi zilikuwa hivyohivyo. Kucha zake zilikuwa za zambarau. Alipumua haraka, kwa juhudi, macho nusu wazi, na hakunilalamikia kwa kumshika na mikono ya baridi.

"Amekuwa na rangi hii tangu lini?"

Mama alisema ni baridi ya mlimani, watoto wote wa huku huwa hivyo. Sauti yake haikuwa na uhakika.

Nilimweleza kwa maneno machache niliyoyapata. Samadi imepenya tangini. Mtu mzima akiyanywa maji yale, yanampita tu. Mtoto mchanga akiyanywa, damu yake inashindwa kubeba hewa, anakosa pumzi huku anapumua. Na kuchemsha kunaua vidudu, lakini hii si kidudu. Maji yanapanda na mvuke, naitreti ya samadi inabaki chini, inazidi kukolea. Nikamwomba aiweke chini ile chupa.

Hakuiweka. Aliishika kifuani.

"Binti," alisema polepole, "nyumba hii tumekunywa maji hayo mwezi mzima. Mimi naumwa? Mwanangu anaumwa? Nilikukataa, sasa umekuja na mashine yako kuniambia namuua mjukuu wangu."

"Sijasema hivyo, mama."

"Umesema. Na wewe unakaa mjini. Maji yangu uliyaonja lini? Nani alikuletea?"

Jibu halikuwa langu. Nilimtazama Mawingu, naye alikuwa amesimama mlangoni, mtu mrefu aliyejikunja, anaangalia sakafu. Kusema ilikuwa ni kumwambia mama yake kwamba amedanganya kazini ili kulinda siri yake yeye mama, na kwamba maji anayomchotea kila jioni ndiyo yenye sumu. Nilimwona anatafuta uongo mwingine. Nilimjua kiasi hicho. Mtoto alikohoa mikononi mwangu, kikohozi kidogo kisicho na nguvu, na mjomba wake bado anatafuta. Kwa muda ule nilimchukia kabisa. Nikaona kama atadanganya sasa hivi, nitatoka na mtoto huyu kwa nguvu, na hataniona tena maishani mwake.

"Ni mimi, mama," alisema. "Nilijaza chupa za kazini kwa maji ya tangi. Mara tano. Nikaandika ni ukungu. Yeye akapima akijua ni ukungu, ndio akagundua."

"Ulidanganya kazini?"

"Nilidanganya. Na nisingedanganya, maji haya asingeyapima mtu."

Mama aliitazama chupa aliyoishika. Aliitazama muda mrefu, kisha akatazama sufuria. Nilimwona anahesabu, yeye pia, asubuhi moja baada ya nyingine.

"Nimeyachemsha mara mbili," alisema, na sauti ilikuwa imemtoka ndogo. "Kila siku mara mbili."

"Najua, mama."

Nilitaka kuongeza kwamba si kosa lake. Nilishindwa, kwa sababu mtoto, aliyekuwa amekishika kidole changu, alikuwa amekiachia.

Basi mama akazinduka. Magoti yale mabovu yalivuka chumba kwa hatua tatu. Alitoa shuka la sufu sandukuni, akamfunga mjukuu wake huku nimemshika, akamkaza vizuri shingoni. Mawingu alinyoosha mikono ampokee. Mama akaisukuma mikono ya mwanawe kando, akamwacha mtoto kwangu.

"Wakiuliza mama yake ni nani, sema ni wewe," aliniambia. "Binti yangu amebakiza mitihani miwili. Akirudi mtoto huyu mzima, utaingia nyumba hii kwa mlango wa mbele, nami nitaufungua mwenyewe. Asiporudi, msirudi. Wote wawili."

Nilikwenda garini.

Mawingu aliendesha. Anaujua ule mlima hata akifumba macho, na siku ile ilikuwa karibu hivyohivyo, ukungu umebana vioo, tunasikia mawe yakidondoka bondeni bila kuona bonde. Nilihesabu pumzi za mtoto kwa sauti ili Mawingu asikie kwamba bado zipo. Sitini na nane kwa dakika. Sabini na moja. Kwenye kona ya tatu alianza kuniomba msamaha, nikamwambia anyamaze aendeshe. Kwenye kona ya saba mtoto aliacha kupumua kwa muda, nikapoteza hesabu, nikamsugua kifua kwa viganja vyangu vyote viwili huku nikimwita mwanangu, mwanangu, bila kufikiri. Akavuta pumzi. Mawingu alikuwa analia, anafuta macho kwa mkono wa shati, gari haliyumbi. Nilimwekea mkono gotini. Nilikuwa bado nimekasirika, na bado ni wangu.

Hospitali iliyo chini ya mlima ilikuwa na korido ndefu na mabenchi ya mbao. Nilimweleza muuguzi wa mapokezi kila kitu kuhusu maji, namba zote, naitreti kiasi gani, kwa muda gani, yamechemshwa mara ngapi. Hakuelewa nusu yake, lakini alielewa midomo. Alikimbia na mtoto kwa daktari. Kupitia mlango uliobaki wazi nilimwona daktari akimtoboa kisigino. Damu ilitoka rangi ya kahawia, kama chai iliyolala. Daktari aliinama, akaitazama, akasema neno moja kwa muuguzi, naye akatoka mbio kwenda kuulizia dawa kama ipo. Mlango ukafungwa.

Tulikaa kwenye benchi. Simu yangu ilitetemeka, ni dada, nikaizima. Sijawahi kuandika namba ya uongo maishani. Nimewahi kurudia kazi ya wiki tatu kwa sababu ya tone moja lililomwagika. Mawingu alisema, bila kuniangalia, kwamba si lazima nijiite mama wa mtoto, kwamba yeye atasimama aseme ukweli wote, wa mdogo wake na wa mama yake, potelea mbali.

Muuguzi akarudi akiwa na kadi na kalamu. Uso wake ulikuwa hausemi chochote.

"Mama wa mtoto ni nani? Daktari anamtaka ndani, sasa hivi."

Mawingu aliinuka. Nilimvuta shati akakaa, nikasimama mimi.

"Ni mimi," nikasema. Muuguzi akaliandika jina langu kwenye kadi, akanishika mkono, akaniingiza ndani taratibu sana.